Kisu kimoja kwa watu watano

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja aliuliza swali hapa, na wengi mkalichukulia kama mchezo: kama unakimbia, na una nafasi ya kubeba kisu kimoja tu, unabeba kipi? Mmoja akajibu kile cha kukatia keki, watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu. Nyumbani kwetu swali hilo liliwahi kujibiwa kweli kweli, usiku, ndani ya dakika chache, na jibu lake hadi leo liko jikoni kwetu Buyenzi, limelala juu ya kinu. Kwa hiyo nimeandika. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Tuanze na jibu ambalo wakubwa wa dunia walishatujibia. Waliopitia kambini wanajua ile seti ya vyombo ya HCR. Imepimwa kwa familia ya watu watano. Kwa kawaida kuna sufuria kubwa na sufuria ndogo, kikaango, mabakuli matano, sahani tano, vikombe vitano, vijiko vitano, mwiko, na kisu cha jikoni. Kisu kimoja, chenye ubapa wa kama sentimita 15. Kila kitu cha kulia ni vitano vitano, lakini kisu ni kimoja. Kuna mtu mahali fulani alikaa mezani akaamua kwamba nyumba ya wakimbizi watano inahitaji ncha moja tu ya chuma. Mimi simlaumu. Nadhani hata alikuwa karibu na ukweli. Ila alichagua chuma kibaya, na hapo nitafika.

Kuna Mmarekani mmoja, Henry David Thoreau, mwaka 1845 aliamua kwa hiari yake kuishi kwenye kijumba cha mbao pembeni ya ziwa dogo, apate kujua mtu anahitaji vitu vingapi hasa. Baadaye akaandika kitabu, na ndani yake akaorodhesha vyombo vyake: sahani tatu, kikombe kimoja, kijiko kimoja, visu viwili na uma mbili za mezani. Niliposoma orodha ile nilimwambia mama, akauliza: "Alikuwa anaishi na nani?" Peke yake. "Basi huyo alikuwa tajiri." Na shoka lake la kukatia miti ya nyumba aliliazima kwa mtu, jambo lililonifurahisha, maana hata kwetu nyumba nyingi zimejengwa kwa shoka la jirani. Leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaoandika kurasa nyingi kuhusu kuchagua kisu kimoja cha maisha mepesi. Nimesoma baadhi. Wanajua mengi kuhusu chuma, na hakuna hata mmoja anayeuliza kama kisu hicho kitaruhusiwa kuvuka mto.

Sasa turudi nyuma kabisa, kwa sababu watu wengine wanafikiri chuma kililetwa huku na wazungu. Hapana. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma hapa hapa Burundi, Mubuga na Rwiyange, na mengine Rwanda, pamoja na vyungu vya aina inayoitwa Urewe. Ni mambo ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Upande wa Bukoba, Tanzania, miaka ya 1970, wazee wa Kihaya walijenga tena tanuru la zamani mbele ya mtaalamu Peter Schmidt na wenzake, wakayeyusha chuma kama walivyoona babu zao wakifanya. Kilichotoka hakikuwa chuma laini tu. Ndani yake kulikuwa na kile kigumu ambacho Waswahili wa zamani waliita feleji. Kwa hiyo mtu wa maziwa makuu alikuwa anakata ndizi kwa feleji yake mwenyewe karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya moshi kuonekana Tanganyika.

Lakini chuma hicho kilikuwa ghali. Kupata kilo chache unachoma makaa mengi, watu wanafukuta mivukuto kutwa nzima, halafu mhunzi anafua na kufua tena. Ndiyo maana jembe, isuka kwa Kirundi, lilikuwa na heshima ya kutolewa kwenye mahari. Na ndiyo maana nyumba haikuwa na visu sita kwenye droo. Ilikuwa na jembe, pengine shoka, na chombo kimoja cha kukatia ambacho Warundi wanakiita umuhoro.

Umuhoro nataka kukaa nao kidogo, kwa sababu vijana wa mjini hawauangalii vizuri. Ni chuma kilichopinda mbele kama mdomo wa ndege, kwenye mpini wa mti. Ukiwa na panga lililonyooka, unapiga tawi na tawi linakimbia. Ukiwa na umuhoro, ule mdomo unashika kwanza, halafu unavuta. Kwa mtu mwenye shamba la migomba ndiyo chombo chenyewe: unatoa majani makavu, unavuta mkungu usianguke vibaya, unachonga nguzo, unasafisha njia. Nchi hii ni ya migomba, chombo kikafuata mmea. Kile kisu kidogo, imbugita, kilikuwepo pia, cha nyama na cha ngozi, lakini ukimwambia mzee wa mlimani achague kimoja, sidhani kama angefikiria mara mbili.

Panga lina njia nyingine. Neno lenyewe tunalijua: upanga ni wa vita, panga ni la shamba. Misafara ya Ujiji ilipofika kaskazini mwa ziwa katika karne ya 19, Uvira huku na Rumonge kule, ilikuja na nguo, shanga na bunduki ikitafuta pembe na watu, na lugha yetu ikabaki pale misafara ilipopiga kambi. Baadaye Wajerumani wakaweka boma Usumbura, mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, na Waswahili wa mji wakapangwa kwenye mitaa yao, Buyenzi na ule ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Wakati huohuo bidhaa za chuma za viwandani zikaanza kumwagika. Huko Uingereza kiwanda cha Ralph Martindale, kilichoanza mwaka 1874, kilikuwa kinatengeneza mapanga yenye alama ya mamba, na mamba huyo akatembea Afrika karibu yote. Mzee yeyote wa Afrika Mashariki ukimtajia panga la mamba anajua.

Kilichofuata ni hesabu tu. Jembe la dukani likawa rahisi kuliko makaa ya kuyeyushia jembe la nyumbani. Matanuru yakazimika moja baada ya jingine. Wahunzi wenyewe hawakufa. Waliacha kuyeyusha udongo wakaanza kufua vyuma vilivyokufa. Na chuma kilichokufa kinachopendwa kuliko vyote ni resori ya gari, yaani zile bapa zilizopangwa chini ya lori zinazobeba uzito kwenye mashimo. Kila lori lililovunjikia kwenye barabara ya Uvira limeacha visu.

Hapo ndipo kisu cha mama kilipotoka.

Mwaka 2004, mwezi wa sita, vita vya Bukavu viliposhuka kwenye bonde la Ruzizi, maelfu ya watu walivuka kuja Burundi. Familia yetu ilikuwa ndani. Mimi nilikuwa mgongoni, kwa hiyo ninachosimulia ni cha kuambiwa. Nyumbani kulikuwa na vyuma vitatu vya kukatia: panga la mamba la marehemu babu, kisu cha resori ambacho mhunzi wa Uvira alimfulia mama alipoolewa, na kisu kimoja chembamba cha dukani. Mama alifunga panga ndani ya mkeka. Alifikiri kama mkulima: huko tuendako tutahitaji kukata miti ya kibanda, kulima, kuchanja kuni. Na kama mkulima alikuwa sahihi. Panga ndicho chombo cha mtu anayekwenda kuanza upya porini.

Bibi mzaa mama alifungua mkeka akalitoa. Alisema, "Ukivuka na panga, utaulizwa lilikata nini."

Mama anasema hakubishana. Bibi alikuwa ameona mengi. Alikumbuka mwaka 1972, Warundi walipokuja kwao bondeni wakikimbia. Alikumbuka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, wakaja tena. Alikumbuka 1994 ya Rwanda, ambayo dunia yote iliiona kwenye televisheni, na tangu siku hiyo mtu wa mbali akiona picha ya panga hafikirii tena migomba. Chuma ni kilekile, na mamba ni yuleyule. Kilichobadilika ni jicho la anayekiangalia. Kwenye habari za misako ya silaha katika nchi zetu hizi mnasikia orodha wenyewe: bunduki kadhaa, magruneti kadhaa, mapanga kadhaa. Jembe halitajwi, ingawa nalo linaua.

Basi panga likaachwa limechomekwa kwenye dari. Kisu cha resori kikafungwa kwenye kitenge, katikati ya nguo za mtoto, yaani zangu. Mpakani mizigo ilifunguliwa, kikaonekana, aliyefungua akakigeuza, akauliza ni cha nini. Mama akasema cha mboga. Akakirudisha. Sentimita kama 15 hivi za ubapa, nimezipima mwenyewe kwa rula ya shule. Karibu sawa na kile cha kwenye seti.

Sisi tulikuwa na ndugu Buyenzi, tukaenda huko. Wengine walibaki Gatumba, kwenye mahema karibu na mpaka. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huohuo kambi ile ilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, kwa risasi, kwa moto na kwa mapanga. Kila mwaka tunaikumbuka, na wako humu wenye majina yao pale. Siandiki zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba baada ya usiku ule mama hakununua tena panga. Miaka mingi sasa. Akihitaji kukatiwa tawi la mwembe wa uani anamwita kijana wa jirani aje na lake, na yeye anaingia ndani mpaka kazi iishe.

Kwa hiyo kisu kimoja kikabaki kufanya kazi ya vyote. Nilikaa siku moja nikihesabu. Asubuhi kilimenya muhogo. Kilikata lenga-lenga. Kilifungua mfuko wa mchele. Kilichonga penseli ya mdogo wangu, mama hakuona. Mchana kilitoa magamba ya mikeke kwa mgongo wake na kupasua matumbo kwa ncha. Kilikata kamba ya kuanikia na kipande cha shitingi la kuziba dirisha. Jioni kilikata vitunguu, kisha kikapelekwa kwa jirani. Hilo la mwisho ndilo kubwa, wandugu. Kwenye ua wetu kuna nyumba nne na kisu kikali ni kimoja. "Mama, niazime kisu" ni sauti ya kila siku. Mama hakupi mkononi. Anakiweka chini, mpini ukiwa upande wako, wewe unaokota. Anasema kisu cha mkono kwa mkono kinaleta ugomvi. Kama ni imani au ni busara ya kutojikata, sijui, ila sisi wote tunafanya hivyo.

Kuna kazi moja kinachokataa. Sikukuu ya Idi, Buyenzi yote inanoa. Kuchinja kunataka kisu kikali kisicho na pengo, mnyama asiteseke, na kisu kilichofungua kopo la nyanya asubuhi hakifai shingoni jioni. Siku hiyo ni sisi tunaokwenda kuazima.

Na kile cha seti je? Tulikipata baadaye, kupitia shangazi aliyepita kambini. Kinang'aa hadi leo. Ni inoksi, chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield mwaka 1913. Siri yake ni kromu: ikizidi kama asilimia kumi na kidogo ndani ya chuma, inajenga ngozi nyembamba juu na kutu haipati mlango. Ni jambo zuri sana kwa kitu kinachokaa miaka kwenye ghala na kusafiri baharini. Lakini inoksi ya bei ndogo ni laini. Unainoa asubuhi, jioni inaponda nyanya badala ya kuikata. Na mpini wake wa plastiki ukipasuka, umekwisha, kwa sababu chuma kinachoingia ndani ya mpini ni kifupi kama kidole cha mtoto.

Resori ni kinyume. Haina hiyo kromu ya kuizuia kutu. Ukikatia limau usipokifuta, kinakuwa cheusi. Ukikiacha na maji usiku mmoja, asubuhi kina madoa ya rangi ya chai. Mama anakifuta kwa kitambaa chenye mawese, basi. Lakini makali yanakaa. Na yakiondoka, huhitaji mashine: ngazi ya saruji, jiwe la mtoni, au kitako cha kikombe cha udongo, ule mviringo usio na rangi. Mpini umebadilishwa mara tatu ninazozijua. Chuma kinapita ndani ya mti mpaka mwisho, kimepigiliwa misumari miwili, kwa hiyo fundi yeyote mwenye kipande cha mti anaweza.

Haya, mliouliza ununuzi. Ukienda Ruvumera, au ukiingia zile barabara za Buyenzi ambako magari yanafunguliwa mpaka mifupa, usiangalie kinachong'aa. Shika mpini, uone kama chuma kinafika mwisho. Angalia mgongo: uwe mnene karibu na mkono na kupungua kuelekea kwenye ncha. Muombe fundi apitishe tupa kidogo kwenye makali. Tupa ikizama kama kwenye sabuni, chuma ni laini. Ikiteleza kabisa kama kwenye kioo, ni kigumu mno na kitavunjika siku utakayokilazimisha kwenye mfupa. Kinatakiwa kati ya hapo. Urefu usizidi kiganja na nusu. Na kisiwe na ncha ndefu ya kutisha. Hili la mwisho fundi atakushangaa, lakini sisi tunajua kwa nini.

Mwaka 2025, mwezi wa pili, Bukavu ilipoanguka na watu wa bondeni wakaanza tena kuvuka Rusizi kwa maelfu, wengine wakilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, binamu ya mama alifika kwetu na watoto wanne. Walikaa wiki mbili kabla ya kupelekwa Musenyi, Rutana. Hawakuwa wamebeba chuma chochote. Siku ya tatu mama alinituma kwa fundi wa barabara ya chini, mzee anayefanya kazi na mwanawe chini ya mabati. Nikamwambia nataka chombo cha kukatia, cha familia ya watu watano wanaokwenda kambini.

Akaniuliza, "Panga au kisu?"

Nikasema kisu. Akatoa kipande cha resori ya lori kwenye rundo, akakipima kwa kiganja chake, akakiweka motoni. Mwanawe akaanza kuzungusha kile kipepeo cha baiskeli kinachopuliza makaa. Ilichukua muda wa kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Mpini alitumia mti wa mkaratusi.

Binamu alikifunga kwenye kitenge akaondoka nacho. Mwezi wa nne alituma ujumbe wa sauti. Wamepata seti ya vyombo, na ndani yake kuna kisu kinachong'aa, ambacho watoto wanakichezea kukatia matope. Kile cha Buyenzi kinazunguka hema hadi hema, mstari mzima, na jioni anatuma mtoto kukitafuta kimelala kwa nani.